Shotigani ya mjomba ilivyogoma Mkuranga, na nilichokikuta ndani ya kitako

Usiku ule nguruwe pori walikuwa watatu. Nilikuwa nawasikia kabla sijawaona, wanavunja mihogo kama mtu anavunja kuni kavu, na ule mlio kama shamba ni lako unauma kweli, mimi nimekaa chini ya mkorosho na babu anayetuangalizia shamba huku Mkuranga, tochi imezimwa, shotigani ipo mapajani. Kwa afisa wanyamapori tulishapeleka taarifa mapema, kwa hiyo kilichobaki ni kusubiri tu. Babu akawasha tochi, nikapiga wa kwanza akalala palepale, hatua kama 20 hivi. Nikahamia kwa wa pili, nikabana triga, kimya. Nikabana tena, triga imelegea kama haijaunganishwa na kitu chochote. Wale wawili wakazama vichakani.

Nikamulika bunduki. Ganda la risasi niliyopiga limesimama pale mlangoni linapotokea, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, imelibana katikati, na chini yake risasi mpya imeshanyanyuka nusu inasubiri njia. Hapo ndo nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka mwili unasisimka. Nikashika mkono wa kukokia nikaanza kuvuta kwa nguvu zote, kitako, ile mbao ya nyuma ya bunduki, nimekibana kwapani, na jinsi nilivyokuwa nahangaika mtutu ukawa unazunguka polepole kuelekea aliposimama babu. Yeye mambo ya bunduki hayajui, lakini alisema neno moja tu, "Mjukuu wangu, mdomo!" Nikaangalia, mdomo wa bunduki unamtazama kifuani. Risasi nne bado zimo kwenye bomba la chini ya mtutu, ya tano ipo mlangoni.

Sikulala usiku ule. Nguruwe wala sikuwa nawafikiria tena, nilikuwa nafikiria hilo.

Niseme kwanza jinsi bunduki ilivyofika kwangu maana inahusika na yote yaliyofuata. Ni shotigani ya semi, yaani inajikoki yenyewe, namba 12, ya gesi, jina la kiwanda naliacha. Mjomba wangu alikuwa nayo miaka mingi nyumbani kwake Kunduchi, nyumba ambayo ukifungua dirisha asubuhi unasikia bahari, na macho yalipoanza kumsumbua akaamua inipite mimi kuliko ikae tu. Huwezi kupewa bunduki kama unavyopewa baiskeli, kuna sheria ya silaha ya mwaka 2015 na kuna polisi, kwa hiyo tulienda wote wawili, tukajaza, nikahojiwa, nikasubiri, mpaka siku leseni ikatoka kwa jina langu. Mjomba alinikabidhi na maneno machache tu, kwamba miaka yote hiyo haijawahi kumgomea. Sasa fikiria imekuja mikononi mwangu, mwaka haujaisha, inagoma kila nikiipiga risasi ya pili au ya tatu. Nilikuwa naona aibu hata kumwambia.

Turudi kwenye kukwama. Nilichojifunza kwanza kabisa, na nilijifunza kwa lile neno la babu, ni kwamba bunduki iliyokwama ndo bunduki yenye risasi kuliko zote, maana akili yako yote imehamia kwenye chuma kilichobana na umesahau kwamba hiki kitu bado kinaua. Siku hizi ikigoma kidole kinatoka kwenye triga kabla sijafikiria lolote, mtutu unaelekea kwenye udongo mbele yangu pasipo na mtu wala jiwe, sefti, kile kizuizi cha triga, inafungwa, halafu nasimama. Nasimama kwelikweli. Kama nilisikia "kli" lakini mlio hakuna, basi nahesabu sekunde 30 na zaidi mtutu ukiwa hukohuko, kwa sababu kuna risasi zinachelewa kuwaka, baruti inaungua taratibu ndani halafu inalipuka wakati wewe umeshafungua bolti na uso wako upo juu yake. Na kama mlio ulikuwa mdogo, ule wa "pfuu" kama pancha, hapo kazi imeisha siku hiyo, natoa risasi zote, navua mtutu nachungulia mwanga kutoka upande wa chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, maana kile kizibo cha plastiki kinachokaa kati ya baruti na gololi kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Kwa kukwama kama kule kwangu, ganda kubanwa mlangoni, nguvu haihitajiki kabisa. Unavuta mkono wa kukokia nyuma taratibu, unaushikilia hapohapo, unalaza bunduki upande ganda linadondoka lenyewe. Halafu unatoa ile iliyonyanyuka, halafu unamwaga zilizo kwenye bomba moja moja huku unazihesabu, na mwisho unaingiza kidole kwenye chemba kuhakikisha, kwa sababu usiku macho yanadanganya ila kidole hakidanganyi.

Sasa kutafuta ugonjwa. Hapa nilipoteza kama miezi mitatu, na hela, na tatizo kubwa ni kwamba Dar huwezi kujaribu bunduki. Ninakaa Mbezi, siwezi kutoka uani nikapiga hewani nione kama imepona. Kila nikifikiri nimepata dawa lazima nisubiri wikiendi, nipakie, nivuke mji mzima, Mbagala Rangi Tatu na foleni yake, Kongowe, Vikindu, ndo nifike shamba nipige risasi tatu, igome, nirudi. Njia ile nimeijua mpaka matuta yake.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa risasi. Na kweli risasi zinaweza kuwa chanzo, usizipuuze. Nilikuwa na boksi la zamani la mjomba ambalo limekaa kabatini sijui masika mangapi, na boksi moja jipya nililonunua duka la mjini. Nikapiga za zamani ikagoma, nikapiga mpya ikagoma, nikasema basi hizi mpya ni mbovu. Nikaenda pale dukani nikiwa nimejaa, nikamwambia mzee muuzaji mbele ya wateja kwamba amenipa risasi zilizopoa. Hakunijibu vibaya. Aliniuliza tu, "Zinatoka mlio kamili?" Nikasema ndio. "Zinaua?" Nikasema ndio. "Gololi gramu ngapi?" Hapo sikuwa na jibu. Akanifundisha kitu kwamba hizi za gesi zinakula nguvu ya risasi yenyewe ili zijikoki, kwa hiyo risasi nyepesi ya gramu 24 au 28 ya kupigia ndege wadogo inaweza kuua vizuri tu na bado isiwe na msukumo wa kurudisha bolti mpaka mwisho, ila mimi, akasema, alinipa SSG nzito, ile ya gololi kubwa, hiyo inatosha na kubaki. Akaniambia nenda kavue mtutu, chukua risasi zako moja moja zidondoshe kwenye chemba kwa mkono, mtutu ukiwa peke yake mezani. Inayoingia kwa uzito wake na kutoka kwa uzito wake ukigeuza ni nzima. Inayotaka kusukumwa na kidole imevimba, weka pembeni usiipige.

Nikafanya. Za mjomba 7 kati ya 25 zilikuwa zimevimba, unaona kabisa plastiki imetanuka na kitako cha shaba kina ukungu wa kijani. Mpya zote ziliingia. Kwa hiyo yule mzee alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimemkosea, na hilo nilikuja kulirekebisha baadaye.

Kuna jambo hapa nataka nilitaje kwa sababu ni la hatari na wengi hawalijui. Rafiki yangu aliponisikia akaniletea risasi zake sita akasema jaribu hizi zina nguvu. Zilikuwa zimeandikwa 76. Bunduki yangu ubavuni mwa mtutu imeandikwa 70. Sasa ukiiweka inaingia vizuri kabisa, bolti inafunga, hakuna kinachokuonya. Sababu ni kwamba ile namba ni urefu wa ganda kwa milimita likishafunguka, sio likiwa limekunjwa mdomo. Ikiwa mpya imekunjwa ni fupi, ukiipiga ndo mdomo unafunguka na unakuta hauna nafasi, unaingia kwenye ule mwembamba wa mbele ya chemba, presha inapanda juu kuliko chuma kilivyotengenezwa kuhimili. Nilimrudishia zote sita siku hiyohiyo. Soma ubavu wa mtutu wako, usisome boksi peke yake.

Mtuhumiwa wa pili ilikuwa gesi. Ukivua kile kifuniko cha mbele na kutoa mtutu utaona chini yake kuna vitundu viwili vidogo. Risasi ikipita, gesi kidogo inashuka kwenye hivyo vitundu, inasukuma pistoni inayozunguka bomba la risasi, pistoni inasukuma reli, reli inasukuma bolti nyuma, ganda linatupwa nje. Ili gesi isitoroke mbele kuna o-ringi ya raba. Yangu ilikuwa imekauka na ina ufa, ukiikunja inafunguka kama mkate wa juzi. Nikasema aisee nimekupata. Nikaenda nayo Gerezani kwenye maduka ya oil sili, kijana akaniuliza ya gari gani, nikamwambia ni ya mashine, akaipima na vania akanipa mbili, nikamwomba zile zinazovumilia joto maana raba ya kawaida haikai mbele ya gesi ya moto. Shilingi chache sana. Vitundu nikavisafisha kwa waya laini, vilikuwa na kaboni imeganda kama lami, na usije ukaingiza biti ya drili humo, ukivipanua umebadilisha bunduki nzima, bolti itakuwa inarudi kwa kishindo mpaka ivunje vitu.

Jumamosi nikaenda shamba na furaha zangu. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikaenda. Ya nne ikagoma.

Hapo ndo pabaya, kwa sababu ilikuwa imepata nafuu. Kama ingegoma palepale ningejua o-ringi sio. Lakini ilipona nusu, na kupona nusu kunakufanya uendelee kuchimba shimo lilelile. Wiki mbili nikaendelea na gesi, nikabadilisha ile o-ringi ya pili, nikasugua pistoni na stilwaya mpaka inang'aa. Na kila nikimaliza nilikuwa nafanya kile ambacho nilidhani ni upendo kwa bunduki, namimina mafuta ya cherehani. Namimina haswa, kwenye bolti, kwenye reli, kwenye triga, nikaona yanachuruzika nikaridhika, nikafuta nje na fulana kuukuu nikaisimamisha kwenye kabati la chuma, kitako chini mdomo juu, kama mjomba alivyokuwa anaisimamisha. Kumbuka hilo.

Chemba niliiangalia pia. Ilikuwa na kutu ndogo ya rangi ya chai kwenye ukuta wa chini, ndo chumvi ya bahari ya Kunduchi hiyo, na kutu ya chemba inafanya ganda ling'ang'anie badala ya kuteleza. Brashi ya shaba, mafuta kidogo, dakika kumi, ikatoka. Lakini mimi ganda langu lilikuwa linatoka kwenye chemba vizuri, lilikuwa linabanwa mlangoni baada ya kutoka, kwa hiyo hata nilivyokuwa nasafisha moyoni nilijua sipo penyewe.

Nikarudi kwa yule mzee wa duka. Nikamwambia shikamoo mzee, nimekuja kwa mawili, la kwanza siku ile nilikukosea mbele za watu, naomba unisamehe, risasi zako ni nzima. La pili nimeshindwa. Akacheka akasema "Mwanangu hayo yameisha," halafu akanielekeza kwa fundi mwenye leseni, mzee mtu mzima, akanisisitiza niende na kitabu cha leseni mkononi na bunduki ikiwa imevuliwa ndani ya mkoba.

Huyu fundi sijawahi kukutana na mtu wa namna yake. Nilianza kumweleza habari za o-ringi na vitundu na gramu, akaninyamazisha kwa mkono, akasema usiniambie ulichofanya, niambie inavyogoma. Inagoma ikienda nyuma au ikija mbele?

Nikawa sijaelewa swali. Akatoa risasi za bandia, hazina baruti wala kichwa cha kuwasha, za kujaribia tu, akaifunga bunduki, akahakikisha tena mwenyewe kwamba haina kitu japo mimi nilishahakikisha mbele yake, akanipa. Akasema elekeza juu kwenye dari, vuta bolti mpaka mwisho, achia. Nikaachia. Ilipaswa kufunga "chwaka!" ikakuuma hata kidole. Ilishuka, nasema ilishuka ingawa ilikuwa inapanda, kwa uvivu, ikasimama imebakiza kama upana wa kidole. Akasema sasa elekeza chini. Nikavuta nikaachia, ikafunga. Akanitazama tu.

Nikakumbuka kwamba shambani tuna kichanja juu ya mkorosho, na siku nilizokuwa napiga nikiwa juu naelekeza chini ilikuwa inagoma mara chache, nikiwa nimekaa chini napiga usawa ndo inagoma sana. Nilishaiona hiyo kwa macho yangu na sikuitilia maana, nilidhani ni bahati.

Halafu akanieleza, na haya maelezo ndo yaliyonifanya nikae kuandika. Akasema gesi inafanya kazi upande mmoja tu, inapeleka bolti nyuma, basi. Risasi nyepesi, o-ringi mbovu, vitundu vimeziba, vyote hivyo vinaweza kufanya bolti isifike nyuma. Lakini hakuna hata kimoja kati yake kinachoweza kufanya bolti ichelewe kurudi mbele, na sasa hivi hatujapiga hata risasi moja, gesi haipo kabisa humu ndani, mbona inachelewa? Ukiona kitu kinagoma kwenda na kinagoma kurudi, tafuta kile ambacho kipo kwenye safari zote mbili. Akageuza bunduki akagonga kitako na kidole. Humu.

Mimi miezi yote nilikuwa naangalia mbele kwa sababu ganda linabanwa mbele. Ndani ya kitako, ndani ya ile mbao, kuna bomba la chuma na springi ndefu. Bolti imeungana nayo kwa kijiti. Bolti ikienda nyuma inaibana springi, springi ikijitanua inarudisha bolti mbele. Kama hilo bomba ni chafu bolti inapata shida kote kote, ikienda inasukuma uchafu, ikirudi inaburuta uchafu. Na o-ringi mpya ilinipa nafuu kwa sababu gesi iliongezeka ikawa inalazimisha kupita kwenye uchafu, basi, nguvu imeongezeka ila njia ni ileile.

Akafungua. Kuna raba ya mwisho ya kitako ina skrubu mbili, ukiitoa unaona shimo refu, unaingiza bisibisi ndefu mpaka ndani kabisa unafungua nati inayoshika mbao. Akanionya hapo, akasema wengi wanafika hapa wakaharibu, bisibisi ikiwa fupi au nyembamba inateleza inapasua mbao kwa ndani na mbao ya zamani hivi haipatikani tena. Mbao ikatoka. Ilikuwa nyeusi shingoni, laini, ukibonyeza na ukucha inaingia, na inanuka mafuta. Halafu ile pini inayozuia springi, akaifunika na kitambaa kizito kwanza kabla ya kuigonga, kwa sababu springi imekandamizwa humo miaka na ikipata upenyo inaruka usoni. Ikatoka na kishindo ndani ya kitambaa.

Nimekaa nikaangalia kile kilichotoka. Springi ilikuwa ya kahawia yote, pete nyingine zimeliwa mpaka zimekuwa nyembamba, na sehemu mbili imekatika, kwa hiyo hata ilikuwa imejipanga vipande vitatu ndani ya bomba. Na bomba lenyewe limejaa tope jeusi, zito, mchanganyiko wa masizi ya baruti na unga wa kutu na mafuta yaliyoganda, alichokonoa na kijiti ikatoka kama masalia ya ugoro.

Akaniuliza, unaihifadhi vipi? Nikamwambia naisimamisha. Mdomo juu? Ndio. Unaipaka mafuta mengi? Nikanyamaza. Akasema mafuta yakiwa kwenye bolti na bunduki imesimama, yataenda wapi? Yanashuka. Yanashuka na masizi, yanaingia kwenye hili bomba, yanakaa humo, yanaloweka na mbao, na huku pwani hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, masika ndo kabisa. Mjomba wako ameanza, wewe umemalizia.

Sikupenda kusikia hivyo lakini ni kweli, na nilipopiga hesabu niligundua kwamba kila nilipoona imegoma niliongeza mafuta, na kila nilipoongeza mafuta niliongeza tope.

Kazi ilichukua siku nne kwa sababu ya springi mpya. Bomba alilisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya shaba, akalikausha, akasugua ndani taratibu mpaka kidole kinateleza, halafu mafuta akaweka tone moja akalisambaza na kitambaa mpaka huoni kama kuna mafuta. Akasema humo ndani pakavu ni bora kuliko palipolowa. Mbao alinipa niikaushe mwenyewe, nikaifunga kwenye karatasi na unga wa chaki siku hizo zote nyumbani, unga ukawa unanyonya mafuta unakuwa wa njano, nabadilisha, mpaka ikarudi rangi.

Huku tunasubiri springi alikuwa ananisimulia. Alinieleza kuhusu John Browning, Mmarekani wa Utah, ndiye aliyebuni shotigani ya kwanza ya kujikoki iliyofanikiwa, hati miliki mwaka 1900, na mwaka 1902 ikaanza kutengenezwa Ubelgiji kwenye kiwanda cha FN kule Herstal. Ile haikuwa na gesi kabisa, ukipiga mtutu wenyewe na bolti vinarudi nyuma vimeshikana, halafu mtutu unatangulia kurudi mbele na ganda linabaki linatupwa. Kuna pete ya msuguano unaipanga kulingana na uzito wa risasi, ukiikosea bega lako litakwambia. Ilitengenezwa mpaka mwaka 1998. Anasema amezishika, na akawa anaelezea kwa mikono yake miwili, mmoja mtutu mmoja bolti, nami nikaelewa siku hiyo kwamba zote hizi, ya mtutu unaotembea na ya gesi kama yangu, nyuma yake kuna springi ya kurudisha, na springi ndo kitu cha kwanza kuchoka na cha mwisho kuangaliwa.

Jumamosi iliyofuata Mkuranga. Nilimwita babu nikamwambia asimame nyuma yangu, sio pembeni, nyuma. Nikaweka tano, nikapigia gogo la mnazi. Tano zikaenda, na ule mlio wa bolti sasa ni mwingine kabisa, mfupi, mkavu. Nikaweka tano nyingine nikakaa chini nikapiga usawa. Zikaenda. Nikapiga na risasi nyepesi za ndege ambazo nilikuwa nimekata tamaa nazo, zikaenda. Babu akaanza kuokota maganda anayapanga kwenye mstari, akasema yameangukia sehemu moja safari hii, zamani mengine yalikuwa yanaangukia miguuni pako. Na hiyo nayo ilikuwa dalili, ganda likianguka karibu na miguu bolti imechoka, likiruka mbali sehemu ileile kila mara ipo vizuri. Yeye aliiona siku nyingi, mimi sikumuuliza.

Nguruwe walirudi baada ya wiki mbili, hilo lilienda kama linavyotakiwa kwenda na sina la kuongeza.

Sasa hivi kabatini inakaa mdomo chini, kwenye kipande cha godoro, au nailaza. Nikitoka shamba navua mtutu, nafuta pistoni kavu, napaka chemba tabaka jembamba, na kitako nakifungua mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Nusu saa tu.

Kwa mjomba nilienda Kunduchi Jumapili moja. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, hujambo. Nilikuwa nimepanga nimfiche ile habari ya kitako maana sikutaka ajisikie vibaya kwamba ni yeye aliyeanza kuisimamisha, lakini alivyoniuliza bunduki haijambo nikaona siwezi. Nikamwambia yote, mpaka la babu na mdomo wa bunduki. Hilo la babu alinisikiliza kimya sana. Halafu akanyoosha mkono akasema nipe hiyo springi. Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa nailoni, vipande vyote vitatu. Macho hayaoni vizuri kwa hiyo aliishika kwa vidole, pete moja baada ya nyingine, unga wa kutu unamwagikia kwenye kikoi chake, akafika pale ilipokatika akarudia kupapasa.

"Na bado ilikuwa inapiga?" akaniuliza.

Nikamwambia ilikuwa inapiga, ya kwanza kila siku ilikuwa inapiga.

Akazifunga zile springi kwenye leso akaziweka pembeni yake kitini, akaniuliza ile mbao fundi hakuipasua?